Mama Chance Hajui Kutunga Uzi

Kwa miaka kumi na moja Mama Chance aliishi kwa surjeteuse, mashini ile ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuitunga uzi hata siku moja. Msimcheke. Wako wengi wa namna hiyo humu Lubumbashi, basi tu hawasemi. Koni ya uzi ikikaribia kwisha, unakata uzi wa zamani pale juu, unaufunga fundo na uzi mpya, unakanyaga pedali polepole, na fundo linapita lenyewe ndani ya tumbo la mashini, kwenye vitundu na ndoano na vichochoro vyake vyote, mpaka litokee upande wa pili. Kwenye tundu la sindano tu ndipo linagoma; hapo unakata, unapitisha kwa mkono, kazi ya dakika moja. Uzi unapita wapi huko ndani? Nani ajisumbue? Unapita, na nguo za watu zinatoka.

Aliyeitunga mara ya kwanza ni mume wake, Edouard, siku aliyoileta kutoka Mokambo, mpakani, imeviringishwa katika blanketi. Edouard ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, mtu asiyeweza kupita karibu na kitu chenye skrubu bila kukifungua. Siku hiyo alikaa nayo barazani tangu asubuhi, kibanio kidogo mkononi, ulimi nje, hataki kuulizwa kitu. Alipomaliza alijinyoosha mgongo na kumwambia mkewe: "Bon. Sasa usikate tena uzi mu ndani. Unafunga paka fundo tu." Mkewe hakukata tena. Mume akaendelea na kazi yake ya kutengeneza mashini za watu huko mjini, na mke, Adolphine kwa jina la ubatizo, Mama Chance kwa jina la binti yao, akabaki barazani na kingo zake.

Mafundi wote wa mtaa ule wa Annexe walimjua. Wao wanakata, wanashona, kisha wanamletea mafurushi yao afunge kingo, maana mashini ya kushona kila mmoja anayo, lakini surjeteuse zilikuwa mbili tu: ya Mama Chance, na ya Nono ng'ambo ya barabara. Nono anafanya haraka na anaongea haraka. Mama Chance anafanya vizuri, au tuseme alikuwa anafanya vizuri, maana hapo ndipo habari yetu inapoanzia.

Mwezi wa tatu mwaka huu Edouard alianguka mlangoni akivaa kiatu. Damu imepasuka kichwani, daktari alisema. Aliporudi nyumbani upande wake wa kuume ulikuwa umekufa, mkono unaning'inia, mdomo umepinda, na katika maneno yote ya Kiswahili, Kifaransa na Kiluba aliyokuwa nayo lilikuwa limebaki moja tu: bon, haya kwa Kifaransa. Ana njaa, bon. Anataka kwenda chooni, bon. Hataki, bon, ile inayotokea puani. Kusikia anasikia kila kitu, na akili iko pale pale, ila mlango wa kutokea umefungwa. Mama Chance alijifunza kuzitenganisha hizo bon ndani ya mwezi mmoja.

Na yeye mwenyewe? Hakusikia kitu. Moyo ulikufa ganzi siku ile ile ya hospitali na haukuamka. Chance alipiga simu kutoka Kolwezi, analia mpaka anakosa pumzi, mama yake akamwambia, usilie, utaunguza chakula. Wamama wa kanisa walikuja kumliwaza, wakakaa, wakaimba, wakaondoka wamekosa mahali pa kumshika. Asubuhi alimwosha mume, akamvika, akamkalisha kwenye kiti cha barazani, akampa uji kwa kijiko, akaketi kwenye mashini. Mchana bukari, yaani ugali, na matembele, tonge moja lake, tonge moja la mume. Jioni maji ya moto. Alifanya yote hayo vizuri, bila kelele, bila kununa, na majirani wakasema, loo, yule mama ana moyo mgumu kweli.

Alijaribu mwenyewe, msidhani hakujaribu. Siku moja alimkuta Edouard amesinzia mdomo wazi, akasimama mbele yake na kujiambia: huyu ndiye yule aliyekupeleka kwa baiskeli mpaka Kafubu mkiwa hamjaoana hata, lia basi, mwanamke wewe. Akangoja. Hakikuja kitu. Akaenda kuanua nguo.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeanza, Faustin alikuja baada ya misa. Faustin ni mdogo wake Edouard, anauza mbao, mtu mwema, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alikataa soda, kisha akaikubali, akainywa nusu, akajikohoza.

"Belle-soeur, tulikaa na Madeleine, tukaongea," alimwambia shemeji yake. Madeleine ni dada yao, anayelima huko Lukafu. "Yaya Edouard iko anateseka, na weye uko unateseka. Kule Lukafu kuko hewa ya muzuri, kuko mihogo, kuko batoto mingi ba kumuangalia. Weye unabakia na mashini yako, unafanya kazi, unapumuzika kidogo. Samedi, Jumamosi hii, kuko Fuso inaenda kubeba makala ya kupikia. Tutamuweka mbele, karibu na chauffeur. Njo vile tuliona."

Mama Chance alikuwa anachambua matembele. Hakuinua kichwa.

"Haina mambo," alisema, yaani haidhuru.

Masikini Faustin! Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, amekuja na hoja tano, ametumia moja. Alingoja machozi, alingoja hata neno baya, akaambulia majani ya matembele yakidondoka kwenye beseni. Akamgeukia kaka yake. "Yaya, unasikia? Unaenda kwa Madeleine."

Edouard alikuwa anatazama mabati ya paa. "Bon," alisema, na hiyo bon hata Mama Chance hakuitambua ni ya aina gani.

Faustin aliagana nao, akafika kwenye kizingiti cha ua, akarudi hatua mbili. "Belle-soeur, weye uko muntu wa namna gani?"

"Wa kuchoka," Mama Chance akamjibu, na akaendelea kuchambua.

Alisema kweli. Alijiuliza usiku huo kama anataka mume aende au abaki, akakuta kwamba hajui, na kwamba kutokujua huko hakumwumi. Jumamosi ilikuwa Jumamosi. Siku sita.

Jumatatu asubuhi Guelor aliingia uani na gauni juu ya bega, amekunja uso. Guelor ni fundi kijana, hodari, mwenye kujipenda kidogo, na alikuwa mteja wa Mama Chance tangu aanze kazi. Alilitandaza gauni juu ya meza ya mashini, ndani nje.

"Mama Chance, angalia. Hii iko robe ya dot, ya siku ya mahari. Dada anaivaa Samedi mbele ya familia mbili. Uzi unalegea mu chini yote, unavuta kidole kimoja, unatoka wote. Mara ya tatu sasa! Minakuheshimu sawa mama yangu, lakini kama iko vile, nitaenda kwa Nono."

Mama Chance alilitazama. Upande wa juu wa kingo ulikuwa mzuri, upande wa chini vitanzi vya uzi vimetambaa huko na huko, vinaning'inia. Alilijua tatizo. Wiki mbili alikuwa anapigana nalo.

Surjeteuse ina nyuzi nne na butoni nne za kuzikazia: mbili za sindano, moja ya ndoano ya juu, moja ya ndoano ya chini. Kila butoni ina namba, sifuri mpaka tisa. Uzi ukibanwa sana, nguo inajikunja kingoni. Ukiachiwa sana, unafanya ulichokiona kwenye gauni la Guelor. Nyuzi nne zinavutana, na kingo nzuri ni pale zinapokutana katikati ya ukingo wa kitambaa, hakuna anayemshinda mwenzake. Edouard alipokuwa mzima alikuwa anapita nyuma ya mkewe jioni, anaangalia kipande, anagusa butoni moja nusu ya namba, anakwenda zake kunawa. Mama Chance hakujua kwamba hiyo ilikuwa kazi. Alidhani anachezea.

Sasa alizungusha zote. Alikaza za sindano, kitambaa kikakunjamana. Akalegeza, mshono ukafunguka. Alikaza ya ndoano ya chini, uzi ukakatika, akafunga fundo lingine. Ile ya ndoano ya juu, yenye alama nyekundu, alikuwa ameifikisha tisa, mwisho wa namba, ikashindwa kwenda mbele, na uzi wake bado unalegea. Hapo mtu mwenye akili angesimama na kujiuliza. Mama Chance hakujiuliza. Aliendelea kuzungusha, mkono unakwenda, macho hayapo.

Na nyuma yake Edouard, kwenye kiti, anasema bon. Anapumzika kidogo, bon tena, kwa nguvu, anagonga fimbo sakafuni. Mama Chance alimpeleka chooni. Walirudi, dakika tano, bon! Akampeleka tena. Jumatatu hiyo alimpeleka chooni mara tatu bure, mzee wa watu hana hata tone.

Jumanne umeme uliondoka mapema, mashini ikanyamaza. Mama Chance alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, ndipo akasikia fimbo ikikokotwa. Edouard alikuwa amesimama peke yake. Akaja akishika ukuta, hatua ya mguu mzima, hatua ya kuburuta, akajitupa kwenye stuli pembeni ya mashini, jasho linamtoka. Kwa mkono wake wa kushoto, ule ambao maisha yake yote aliutumia kushikia tu, akafungua kifuniko cha mbele, akaingiza ukucha kwenye butoni nyekundu, akauinua uzi.

Ndani ya kila butoni kuna visahani viwili vya chuma, vidogo, vinavyoubana uzi katikati yao. Kukaza butoni ni kuvikaza hivyo visahani. Uzi wa ndoano ya juu haukuwa katikati. Ulikuwa unapita kando, nje, huru kabisa. Fundo moja lilikuwa limekwama pale, labda mwezi uliopita, kwa kuwa mwenye mashini hakuwahi kulegeza butoni kabla ya kulivuta, likaurusha uzi nje ya visahani. Mama Chance angeweza kuizungusha butoni ile mpaka Noeli, bure.

Edouard alimwonyesha. Akamtazama usoni. "Bon," alisema, na hiyo bon ilikuwa tusi.

"Eee, nimeona," Mama Chance alisema.

Edouard angeweza kuusukuma ule uzi ndani kwa ukucha, kazi ikaisha pale pale. Ila akachukua makasi. Kabla mkewe hajafungua mdomo alikuwa amekata nyuzi zote nne, chini na juu, akaanza kuzivuta kutoka ndani ya mashini moja baada ya nyingine, na kuzitupa sakafuni. Nyuzi zilizofungiwa fundo juu ya fundo tangu siku ya Mokambo, miaka kumi na moja bila kukatwa, zikawa takataka ya kufagia. Mama Chance alingoja kukasirika. Hakukasirika. Alifikiri tu: sasa sina mashini.

Mume alimwashiria koni za uzi kwenye rafu. Alichagua nne za rangi nne, nyekundu, njano, kijani, buluu, akamtaka aziweke kila moja mahali pake. Kisha akamkabidhi kibanio.

Hivyo ndivyo mtu asiye na maneno alivyomfundisha mkewe kutunga surjeteuse. Anaonyesha kwa kidole cha kushoto, mke anapitisha. Akikosea anapigwa kofi mkononi, dogo, la chap. Kwanza ndoano ya juu. Kisha ya chini, ile iliyojificha huko ndani, ambayo ili kuifikia lazima ugeuze gurudumu kwa mkono mpaka ijitokeze, na hata hapo uiname na kukodoa macho na kumtaja Mungu. Sindano mwisho. Mama Chance alianza na sindano, maana ndicho kitu pekee alichokuwa anakijua, akapigwa kofi. Alisahau, akaanza tena na sindano, akapigwa tena. Umeme uliporudi alijaribu bila kufuata utaratibu, uzi wa chini ukakatika pwa, na Edouard akacheka. Kicheko kilichopinda, cha upande mmoja, lakini kicheko. Miezi minane kilikuwa hakijasikika humo ndani.

Kisha kuzungusha butoni. Zote zirudi namba nne. Unashona kipande, unakigeuza, unaangalia. Kwa kuwa kila uzi una rangi yake, unaona sasa ni nani anayevuta na ni nani anayevutwa: nyekundu imeshuka upande wa chini, basi nyekundu imelegea. Unagusa butoni moja tu, nusu ya namba. Si mbili. Mama Chance alishika mbili, kofi. Unashona tena, unaangalia tena. Ilipofika jioni sakafu ilijaa vipande vya kitambaa vyenye kingo za rangi nne, na mkono wake wa kulia ulikuwa umewiva wekundu mgongoni.

Jumatano Edouard alizikata tena. Mama Chance alikuwa ameshaanza kazi za watu, mshono uko sawa, Guelor amelichukua gauni lake la dot na kuomba msamaha kwa mikono miwili, na mzee anakuja na makasi na kukata zote nne, na kukaa kwenye stuli akingoja.

"Papa Chance, si nimeshajua?" alimwuliza.

"Bon."

Akatunga. Makofi matatu. Alhamisi akakata tena, mara mbili, asubuhi na mchana. Kofi moja, kisha hakuna. Mama Chance hakuuliza tena kwa nini. Alitunga kama anavyotwanga, kama anavyofua, mikono inajua njia, yeye mwenyewe hayupo.

Ijumaa Guelor alikuwepo uani, anangojea suruali sita. Edouard alikata. Mama Chance alitunga ndoano ya juu, ya chini, sindano ya kwanza, sindano ya pili, akashona kipande, akakigeuza, akagusa butoni ya buluu nusu ya namba, akashona tena. Dakika nne. "Mama Chance!" Guelor alipiga kelele. "Hata Nono haweze!" Edouard alikichukua kile kipande, akakisogeza karibu na macho, akakitazama juu, akakitazama chini, akakipapasa kwa kidole gumba. Hakusema bon. Alitikisa kichwa mara moja, polepole, namna mtu anavyofanya amemaliza kazi ya mteja na sasa anaweza kufunga sanduku lake la vyombo. Kisha akajiinua, akaenda mwenyewe mpaka chumbani, akakaa kando ya ule mfuko wake wa safari, ambao mkewe alikuwa ameukunjia nguo vizuri asubuhi ile: suruali mbili, blanketi, dawa, rozari.

Mama Chance alibaki ameshika pedali kwa mguu bila kuikanyaga. Hapo ndipo alipoelewa. Edouard angeweza kuusukuma uzi ule ndani kwa ukucha siku ya Jumanne. Hakutaka kuitengeneza mashini. Alikuwa amemsikia Faustin, amehesabu siku zake, na katika siku zile zote hakuomba kubaki, hata kwa jicho. Alitaka tu ahakikishe kwamba akiondoka mkewe hatamhitaji mtu. Alikuwa anamuaga.

Na kitu cha moto kikampanda Mama Chance, akadhani ni ugonjwa. Ilikuwa hasira. Alikasirika mpaka masikio yakaziba. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na wewe Edouard unaniaga kwa butoni? Unajiandalia safari, unanifunga kama nguo ya mteja, kingo zote sawa, halafu unakwenda kukaa Lukafu kutazama mihogo? Na mimi nilisema haina mambo! Mimi! Nilikuwa nachambua majani, nikasema haina mambo! Guelor alimwuliza suruali zitakuwa tayari saa ngapi. Alimwambia arudi kesho, na kwa sauti ambayo kijana hakuijua. Jioni alimwosha mume kwa nguvu kupita kiasi, akamsugua mgongo mpaka mzee akanung'unika.

Jumamosi saa tatu Fuso ilisimama mbele ya ua, imejaa vumbi la makaa tangu safari iliyopita. Faustin aliruka chini. Alikuwa amekuja na mto wa kumwekea kaka yake mgongoni, ameununua mpya. Edouard alikuwa tayari, shati jeupe, kofia, amekaa barazani. Guelor naye alikuwa amefika kuchukua suruali zake.

Faustin aliokota suruali moja mezani, akaigeuza, akapitisha kidole ukingoni. "Ah! Iko muzuri. Guelor alinielezea ku barabara. Yaya alikufundisha yote, eh? Njo vile, belle-soeur. Sasa hata akienda, hautakosa kitu." Akamshika kaka yake kwapani. "Yaya, twende."

"Bon," alisema Edouard, na akainuka.

Mama Chance alikuwa kwenye mashini. Alichukua makasi, akakata uzi mwekundu. Akakata wa njano, wa kijani, wa buluu. Akazivuta zote, kutoka kwenye ndoano, kutoka kwenye visahani, kutoka kila mahali, akaziacha zianguke miguuni pake, na koni moja ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Faustin.

"Nilisahabu namna ya kutunga," alisema. "Abakie kwanza, anionyeshe."

Faustin alimtazama, akazitazama nyuzi. "Utasahabu namna gani? Jana ulitunga! Guelor, weye uliona, si aliweza?"

Guelor alikuwa amebeba suruali sita begani. Alimtazama Mama Chance, akamtazama mzee aliyesimama nusu amelalia bega la mdogo wake. "Miye?" alisema. "Siyaona kitu, Papa Faustin."

"Belle-soeur, unasema bongo, unanidanganya."

"Ndiyo," Mama Chance alisema. "Nasema bongo. Minayua kutunga, hata macho yakiwa ya kufunga. Na haendi." Sauti ilianza kumtetemeka, akaiacha itetemeke. "Nilikuambia haina mambo. Iko mambo, Faustin. Iko mambo mingi. Huyu iko bwana yangu. Kama ni kuchoka, nitachoka naye hapa hapa. Uambie Fuso iende."

Dereva alipiga honi. Edouard aliutoa mkono wa mdogo wake kwapani, polepole, kidole kwa kidole, akashika ukuta. Hatua ya mguu mzima, hatua ya kuburuta. Alijitupa kwenye stuli, akainama mpaka karibu aanguke, akaokota uzi mwekundu sakafuni. Alikuwa analia, upande ule mzima wa uso na upande ule uliokufa, pande zote mbili.

Faustin alizungusha mto wake mpya mikononi, akauweka juu ya kiti cha barazani. "Bon," alisema naye, akajifuta paji la uso. "Mangaribi nitakuya kumuosha miye. Na mercredi, katikati ya juma. Weye utalala." Akatoka kwenda kuongea na dereva, na Fuso ikaondoka kwenda Lukafu tupu.

Edouard alimnyoshea mkewe uzi. Mama Chance aliupokea, akachukua kibanio, akainama juu ya ndoano ya juu. Hakuiona. Alijifuta macho kwa kitenge, akainama tena, akajifuta tena, na machozi ya miezi minane yakaja yote pamoja, yakadondoka juu ya mashini, juu ya butoni, juu ya mkono wa mume uliokuwa unangoja. Siku hiyo, mpaka mchana ukaisha, hakuweza kutunga hata uzi mmoja.